Vyuma Mwilini: Pale Damu Inapopita na Pale Inapotuama (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini metali yoyote inayowekwa mwilini, iwe plati ya mfupa, skrubu, stenti ya mshipa wa moyo au nyonga ya bandia, huanza kulika tangu siku ya kwanza. Tulisema pia kwamba mara nyingi kulika huko ni kudogo mno, na mgonjwa huishi na chuma chake miaka mingi bila kusumbuka. Leo tunaingia kwenye jambo ambalo vitabu vya kiada hulipitia haraka, nami naona ndilo kiini cha somo lote: majimaji ya mwili hayakai mahali pamoja. Damu inakimbia. Ute wa kwenye viungo unasukumwa huku na huku kila tunapopiga hatua. Hata yale majimaji yaliyo katikati ya seli za nyama, ambayo ukiyatazama utadhani yametulia, yanatambaa polepole kuelekea kwenye mishipa ya limfu.

Mtu angetarajia kwamba mkondo wa kasi ndio adui mkubwa wa metali. Kwa baadhi ya metali ni kweli. Lakini kwa zile zinazotumika zaidi katika vyumba vyetu vya upasuaji, hatari kubwa iko kwenye utulivu, yaani kwenye vile vijinafasi vidogo ambamo majimaji yaliingia na hayatoki. Tukilielewa hili tutaelewa kwa nini plati moja ikitolewa baada ya miaka mitano inatoka inang'aa, na nyingine inatoka na madoa meusi. Tutaelewa pia kwa nini vipimo vinavyofanywa kwa kutumbukiza chuma kwenye bika la maji ya chumvi vimewahi kuwapotosha watafiti wengi.

Tuanze na kinachoilinda metali yenyewe. Chuma kisichoshika kutu, titaniamu na aloi za kobalti hazidumu kwa sababu ni metali tulivu. Titaniamu tupu, kwa mfano, hushikana na oksijeni kwa pupa kubwa. Metali hizi hudumu kwa sababu mara tu zinapokutana na oksijeni hujivika utando wa oksidi, na utando huo ndio unaotenganisha metali na majimaji. Kila anayepika anaujua utando wa namna hii hata kama hajawahi kuutaja. Sufuria ya alumini ikisuguliwa kwa stili waya hung'aa, kisha mng'ao ule mkali hufifia, kwa kuwa alumini imejivika oksidi upya. Pikia humo mchuzi wa ukwaju au nyanya nyingi, asidi itaushambulia utando na sufuria itabaki na mabaka. Mambo matatu ya kukumbuka katika makala hii yote yamo humo jikoni: utando hujirudisha wenyewe ukikwanguliwa, unahitaji oksijeni ili ujirudishe, na asidi ni adui yake.

Kwenye titaniamu utando huo una unene wa nanomita chache, kati ya 2 na 10 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwenye chuma cha 316L, ambacho ndicho chuma cha plati na misumari mingi ya mifupa, utando ni wa oksidi ya kromiamu na ni mwembamba vilevile. Chuma hiki kina kromiamu asilimia 17 hadi 19, nikeli asilimia 13 hadi 15, na molibdenamu kati ya asilimia 2 na 3. Herufi L inamaanisha kaboni ni kidogo, isiyozidi asilimia 0.03. Kaboni ikizidi na chuma kikapashwa joto, hujishikiza kwenye kromiamu mipakani mwa punje za metali, na pale kromiamu ilipopungua utando unakuwa dhaifu. Kumbe uhai wa mguu uliovunjika unaweza kutegemea sehemu moja ya mia ya asilimia katika tanuri la kuyeyushia chuma, mbali kabisa na hospitali.

Sasa tuyatazame majimaji. Damu ina joto la nyuzi 37 na pH ya karibu 7.4. Ina ioni za kloridi zipatazo milimoli 100 kwa lita, sawa na gramu tatu na nusu hivi. Maji ya bahari yana gramu zipatazo 19 kwa lita, kwa hiyo damu ina kama moja ya tano ya kloridi ya bahari. Anayeishi Tanga, Lamu au Unguja anajua bahari inavyokifanya chuma, na moja ya tano ya nguvu hiyo si ndogo, hasa ikiwa ya moto usiku na mchana bila kupumzika. Ongeza protini. Albumini peke yake ni gramu 35 hadi 50 katika kila lita ya plazma, na huanza kujibandika juu ya metali ndani ya sekunde chache baada ya daktari kuiweka. Protini hizo huweza kuzishika ioni za metali na kuondoka nazo.

Kasi zinatofautiana kwa kiwango ambacho ni vigumu kukiamini. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma lita tano hivi kwa dakika. Ndani ya aota, moyo unapojibana, damu hufikia mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde. Kwenye kapilari haifiki hata milimita moja kwa sekunde. Na yale majimaji ya katikati ya seli, ambayo ndiyo yanayoizunguka plati iliyo juu ya mfupa wa paja, husogea kwa mikromita moja hivi kwa sekunde, pengine pungufu. Kwa mwendo huo yatatumia zaidi ya robo saa kuvuka milimita moja. Kwa hiyo tunaposema chuma kiko ndani ya mwili, lazima tuulize mara moja: mwili wa wapi? Stenti iliyo kwenye mshipa wa moyo na plati iliyo kwenye goti ziko katika mazingira mawili yaliyo mbali sana, ingawa mgonjwa ni mmoja na damu ni ileile.

Mkondo unafanya nini hasa kwenye uso wa metali? Kwanza unaleta oksijeni. Hata damu ikikimbia kiasi gani, tabaka lake jembamba linalogusa ukuta halisogei. Oksijeni lazima ilivuke tabaka hilo yenyewe, hatua kwa hatua. Kadiri mkondo unavyokwenda kasi, tabaka hilo linazidi kuwa jembamba na oksijeni inafika haraka zaidi. Kwa chuma cha 316L na titaniamu hiyo ni baraka, maana utando ukipata jeraha unajirudisha upesi. Pili, mkondo unaondoa kile kilichoyeyuka: ioni za metali, asidi, na haidroksidi. Hapa ndipo njia zinapoachana. Kwenye chuma cha 316L, kloridi ikitoboa utando mahali penye udhaifu, mathalani penye chembe ya salfidi ya manganisi iliyobaki kutoka kiwandani, kishimo kidogo huanza, na ndani yake asidi hujikusanya. Mkondo ukiisafisha asidi hiyo mapema, kishimo hufa kingali kichanga. Mkondo usipofika, kishimo kinakomaa.

Tatu, mkondo unasugua. Lakini nguvu hii isitiwe chumvi. Msuguano wa damu kwenye ukuta wa ateri ni wa paskali chache tu, kwa kawaida kati ya 1 na 7, na hauwezi hata kidogo kubandua oksidi ya titaniamu. Unachoweza kukisomba ni mabaki laini yasiyoshika vizuri, kama yale yanayojengeka juu ya magnesiamu. Tutaifikia magnesiamu baadaye.

Tuingie sasa kwenye plati na skrubu, kwa sababu hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anaguswa moja kwa moja. Wodi za Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili, za hospitali zetu za rufaa na za majirani zetu zimejaa vijana waliovunjika mapaja na miundi, wengi wao kwa ajali za bodaboda. Wengi huondoka na chuma ndani. Baadhi yao wamewekewa msumari wa SIGN, ule usio na uwazi ndani, unaopigwa katikati ya mfupa na kufungwa kwa skrubu za kuvuka. Uliundwa na shirika lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle kule Richland, jimbo la Washington, mwaka 1999, ili daktari aweze kuufunga bila mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Wengine wamewekewa plati. Kote kuwili kuna mahali ambapo kichwa au shina la skrubu linagusa metali nyingine, na hapo katikati kuna mwanya mwembamba usioonekana kwa macho.

Mwanya huo hujaa majimaji dakika ile ile ya upasuaji. Oksijeni iliyomo hutumika katika kuulinda utando, kisha huisha, na nyingine haiji kwa sababu hakuna mkondo unaofika. Nje ya mwanya bado kuna oksijeni, ndani hakuna. Tofauti hiyo huzalisha umeme mdogo: metali ya ndani inatoa elektroni, na oksijeni ya nje inazipokea. Kila atomu ya kromiamu au chuma inayoyeyuka ndani ya mwanya hubaki humo ikiwa ioni yenye chaji chanya. Ili chaji zilingane, kloridi, ambayo ni hasi, huvutwa kuingia. Ioni za kromiamu nazo zinapokutana na maji huzalisha asidi. Basi ndani ya nafasi isiyozidi upana wa karatasi, chumvi inaongezeka, pH inashuka, utando unayeyuka, na kadiri unavyoyeyuka ndivyo chumvi na asidi zinavyoongezeka. Nje, milimita moja tu kutoka hapo, majimaji yana pH yake ya 7.4 na metali inang'aa.

Ukiishika plati ya namna hiyo baada ya kutolewa utaiona historia yote kwa macho. Upande wa juu unaweza kujiona sura yako. Igeuze, uitazame ndani ya tundu la skrubu, pale kichwa kilipokalia: utakuta pete yenye rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi, na ukipitisha ukucha utahisi mikwaruzo. Kichwa cha skrubu nacho kina pete hiyo hiyo upande wa chini, sambamba na ile ya kwenye tundu, wakati nyuzi zake zilizokuwa zimezama kwenye mfupa ni safi. Nyama iliyokuwa imeuzunguka mwanya mara nyingine huwa imegeuka kijivu. Hakuna sehemu ya plati iliyotuama zaidi ya hiyo, na hakuna iliyolika zaidi.

Tatizo huzidi mgonjwa anapoanza kutembea. Kila hatua huipinda plati kidogo sana, na kichwa cha skrubu husogea mikromita chache ndani ya tundu lake. Kusogea huko kunaukwangua utando. Mahali penye oksijeni utando ungejirudisha ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, ingawa kila kujirudisha kunakula metali kidogo. Ndani ya mwanya usio na oksijeni kazi hiyo inakuwa ngumu, na kukwangua kunaendelea. Ndiyo maana mgonjwa ambaye mfupa wake umechelewa kuunga, naye anaendelea kuukanyagia mguu, yuko kwenye hatari mbili kwa mpigo. Plati inachoka kwa kupindwa, na inalika hapo hapo inapopindwa. Ikivunjika, mara nyingi huvunjikia kwenye tundu la skrubu, kwanza kwa kuwa hapo metali ni chache, na pili kwa kuwa vishimo vya ulikaji ni mahali pazuri pa ufa kuanzia.

Elimu hii haikupatikana kwa urahisi. Mwishoni mwa karne ya 19 William Arbuthnot Lane alikuwa akiunga mifupa kwa plati za chuma huko London, na plati za zama zake zililika na kuvunjika. Kwa miaka mingi madaktari walidhani nyama iliyooza kuzunguka chuma ni matokeo ya vijidudu peke yake. Ni mwaka 1937 ambapo Charles Venable na Walter Stuck wa Texas, pamoja na mwenzao Beach, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba metali mbili tofauti zikiwekwa pamoja mwilini huzalisha umeme, na umeme huo huila metali moja na kuudhuru mfupa ulio karibu. Walipendekeza aloi ya kobalti na kromiamu iliyojulikana kwa jina la Vitallium. Naiona kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi muhimu zaidi katika historia ya upasuaji wa mifupa, nami husikitika kuona jinsi inavyosahauliwa.

Inasahauliwa, kwa maana katika mazingira yenye uhaba bado zinachanganywa skrubu za seti moja na plati za seti nyingine bila mtu kuuliza zimetengenezwa kwa aloi gani. Chuma cha 316L na chuma cha kawaida vikikaa pamoja kwenye majimaji yenye chumvi, cha kawaida kitaliwa haraka. Jambo jingine linahusu usafi. Wahudumu wetu wamefundishwa kuloweka vifaa vya upasuaji kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, na kipimo cha dakika kiliwekwa kwa sababu nzuri: klorini hutoboa vishimo kwenye chuma kisichoshika kutu. Skrubu iliyobaki kwenye trei, ikalowekwa leo na kesho na mtondo, huingia mwilini ikiwa imekwisha kujeruhiwa. Na plati iliyotolewa kwa mgonjwa mmoja haifai kuwekwa kwa mwingine hata ikichemshwa na kung'arishwa vipi. Mvuke wa otoklevu unaua vijidudu, lakini hauzibi vishimo wala nyufa. Nalisema hili kwa uzito wote, nikijua kwamba anayefanya hivyo mara nyingi anamhurumia mgonjwa asiye na uwezo wa kununua plati mpya.

Nyonga ya bandia inatupa mfano mwingine, mkubwa na wenye uchungu. John Charnley alipokamilisha nyonga yake huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, aliweka kichwa kidogo cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki ya polithini. Plastiki ilisagika polepole, na vumbi lake likaleta matatizo yake. Baadaye wahandisi walirudi kwenye wazo la metali juu ya metali: kichwa kikubwa cha aloi ya kobalti ndani ya kikombe cha aloi hiyohiyo, wakitumaini kwamba ute wa kiungo ungejipenyeza katikati na kuzitenganisha nyuso mbili mtu anapotembea. Kwa baadhi ya wagonjwa ilikuwa hivyo. Lakini kikombe kikikaa upande, ute husukumwa nje ya ukingo, metali inagusana na metali, utando unakwanguliwa kila hatua, na chembe za kobalti na kromiamu zinaingia kwenye nyama na kwenye damu.

Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliiondoa sokoni nyonga yake ya ASR, iliyokwisha kuwekwa kwa watu wapatao 93,000 duniani. Takwimu za daftari la taifa la viungo bandia la Uingereza na Wales zilikuwa zimeonyesha kwamba asilimia 12 hadi 13 ya waliowekewa walilazimika kufanyiwa upasuaji wa pili ndani ya miaka mitano. Mwaka huo huo mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza iliwataka madaktari wawapime damu wagonjwa wenye maumivu kwenye nyonga za metali juu ya metali, na kuwachunguza zaidi ambao kobalti au kromiamu yao imezidi mikrogramu 7 kwa lita. Kobalti ikizidi sana mwilini inaweza kudhuru masikio, macho na misuli ya moyo.

Kuna sehemu ya kisa hiki isiyosemwa sana, nayo inaturudisha kwenye mwanya. Si metali yote iliyotoka kwenye nyuso zinazosuguana. Nyonga za kisasa huwa na kichwa kinachopachikwa juu ya shingo ya shina kwa kubana tu, kichwa mara nyingi cha kobalti na shina la titaniamu. Mwaka 1993 Jeremy Gilbert na wenzake walionyesha, kwa kuchunguza nyonga zilizotolewa kwa wagonjwa, kwamba ndani ya kiungio hicho metali hulika kwa namna ileile ya tundu la skrubu: majimaji yametuama, oksijeni imekwisha, asidi imejikusanya, na kila hatua kichwa kinatikisika kidogo juu ya shingo. Titaniamu, yenye utando tuliousifu hapo juu, nayo haikusalimika. Utando wake ni imara mbele ya kemikali lakini hauvumilii kukwanguliwa. Kadiri kichwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo nguvu inayokizungusha kwenye shingo inavyoongezeka.

Tugeukie sasa upande wa pili, pale mkondo ulipo na unakwenda kasi. Stenti ni kineti cha metali ambacho vijiti vyake huwa na unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Daktari hukiingiza kwenye mshipa wa moyo uliobana na kukitanua. Ya kwanza iliwekwa kwa mgonjwa na Jacques Puel huko Toulouse, Ufaransa, mwaka 1986, na leo kazi hiyo inafanyika hata kwetu, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na stenti hupimwa maabara kwa mipigo ipatayo milioni 400 ili kuiga miaka kumi. Jambo la kuvutia ni kwamba mshipa wa kushoto wa moyo hupata damu nyingi zaidi wakati moyo umelegea, kwa sababu ukijibana unaibana na mishipa yake yenyewe. Kwa hiyo mkondo juu ya stenti ni wa kwenda na kusita. Kwa stenti za chuma na za kobalti hali hiyo haina madhara makubwa, na pale zinapolika ni hasa pale stenti mbili zimepandana na kusuguana, yaani mwanya tena.

Magnesiamu ndiyo inayobadilisha hesabu yote. Hii ni metali ambayo mwili unaihitaji na unaweza kuitumia, na tangu mwaka 1878, Edward Huse alipotumia nyuzi zake kufunga mishipa inayovuja damu, madaktari wameota kipandikizi ambacho kingefanya kazi yake kisha kitoweke chenyewe. Mbelgiji Albin Lambotte alijaribu mwaka 1907 kuunga muundi kwa plati ya magnesiamu na misumari ya chuma iliyopakwa dhahabu. Ndani ya siku nane plati ilikuwa imevunjikavunjika na gesi nyingi imejaa chini ya ngozi. Sababu mbili tunazijua sasa. Magnesiamu ikigusana na chuma au dhahabu ndani ya majimaji ya chumvi huliwa kwa kasi kubwa, kama Venable na Stuck walivyokuja kuthibitisha kwa metali nyingine. Na magnesiamu ikikutana na maji huzalisha haidrojeni: gramu moja ikilika yote hutoa karibu lita nzima ya gesi.

Sasa itie magnesiamu kwenye bika la maji ya chumvi, usiyatikise, uache siku kadhaa. Inapolika inatoa haidroksidi, na maji yanazidi kuwa ya alikali hadi pH ya kumi hivi. Kwenye alikali hiyo haidroksidi ya magnesiamu haiyeyuki. Inatanda juu ya metali na kuikinga, na ulikaji unapungua. Mtafiti anaandika kwamba aloi yake inadumu. Kumbe kilichoikinga ni bika lenyewe. Ndani ya ateri, mkondo unaiondoa haidroksidi kabla haijajikusanya, bikaboneti ya damu inairudisha pH kwenye 7.4, kloridi inafika upya kila sekunde, na aloi ileile inalika kwa kasi nyingine kabisa. Kwa upande wa chuma cha 316L bika linadanganya kwa njia tofauti. Maji yaliyo wazi kwa hewa yana oksijeni nyingi, mara nne au zaidi ya ile iliyo kwenye nyama za mwili, na utando unapewa raha ambayo mwilini hautaipata. Ndiyo sababu vipimo makini huipunguza oksijeni kwa kupuliza naitrojeni ndani ya maji kabla ya kuanza.

Kwa miaka mingi upungufu huo ulijulikana na bado makala za kisayansi zilichapishwa kwa matokeo ya bika, kwa kuwa bika ni rahisi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, Québec, walichapisha muundo wa mtambo uliotengenezwa mahususi kwa metali zinazotoweka mwilini. Majimaji hupitishwa juu ya sampuli kwa mkondo unaopimwa, ili msuguano wake ulingane na ule wa ateri. Mitambo ya namna hiyo sasa iko kwenye maabara nyingi, mingine ikiwa na pampu inayopiga kwa mapigo, na gesi ya kaboni dioksidi ya kuidhibiti pH.

Mwaka 2016 stenti ya aloi ya magnesiamu iitwayo Magmaris, ya kampuni ya Biotronik, ilipata kibali cha Ulaya. Imefunikwa kwa plastiki inayoyeyuka na dawa, na sehemu kubwa ya magnesiamu yake hutoweka katika kipindi cha mwaka mmoja hivi. Lakini damu haiigusi stenti hiyo kwa mwaka mzima. Ndani ya wiki na miezi ya mwanzo seli za ukuta wa mshipa huota juu ya vijiti vyake na kuvifunika. Kuanzia hapo magnesiamu imezama ndani ya nyama, mahali ambapo majimaji yanatambaa tu, na ambapo fosfati ya kalsiamu huweza kujijenga juu yake bila kusombwa. Mtambo unaoendesha mkondo wa kasi ileile kwa miezi sita utakuwa umeiga wiki za kwanza tu, na umekosea zote zinazofuata. Anayetaka kujua stenti kama hiyo itaisha lini inambidi apime vipindi viwili, akianza na mkondo na kumalizia na utulivu, na ajue mpaka kati yake hauangukii siku ileile kwa kila mgonjwa.

Katika sehemu ya tatu, juma lijalo, tutazifuata zile ioni zilizotoka kwenye metali: zinakopita, figo zinaondoa zipi na zipi hubaki, na kwa nini nikeli huwasha ngozi za watu wengine na wengine haiwagusi.